Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kikundi cha Kudarizi na Kazi Zetu za Pamoja

Hapa tumekusanya maswali ambayo wageni hutuuliza wanapofika mara ya kwanza, pamoja na yale ambayo wanachama wa siku nyingi huulizana kila tunapoanza kazi mpya. Majibu mengine ni ya mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi. Yanayohusu kazi za pamoja yamerefuka, maana hapo ndipo watu hukwaruzana.

KUJIUNGA NA KUKUTANA

Sijawahi kushika sindano ya kudarizi. Naruhusiwa kuja?

Ndiyo, na usingoje mpaka ujifunze kwanza nyumbani. Mishono mitano inatosha kukuingiza kwenye kazi yoyote tunayoifanya: bandi (sindano ikipita juu na chini kwa mstari), mshono wa kurudi nyuma, mshono wa shina, mshono wa mnyororo na fundo la kuzungushia. Mgeni huketi na mtu anayejua, akaitazama mikono yake, kisha akajaribu mwenyewe kwenye kitambaa cha mazoezi.

Wengi tunawaanzisha na mnyororo. Sindano inatokea juu, unairudisha chini pale pale ilipotokea huku ukiacha kitanzi, halafu unaitokeza mbele kidogo ndani ya kitanzi hicho ili ukishike. Unarudia. Mshono huu hukua haraka na hauonyeshi sana mkono unaotetemeka, hivyo mtu huondoka siku hiyo hiyo na kitu cha kuonyesha nyumbani.

Nije na nini?

Mkasi mdogo wenye ncha kali, na miwani kama unavaa. Sindano, fremu za kukazia kitambaa na uzi wa mazoezi vipo. Ukija na fremu yako ya duara, zungushia duara la ndani utepe wa pamba: kitambaa hakitateleza na alama ya fremu haitakuwa kali. Na mkasi wa kitambaa usikatie karatasi. Wa kwako ni shauri lako, lakini ukiazima wa mtu ukakatia bahasha, utajua tabia yake ya kweli.

Mkikutana mnafanya nini hasa?

Tunadarizi na kupiga soga. Kila mtu ana kazi yake mkononi, na mara nyingi kuna somo fupi la mshono mmoja kwa wanaotaka. Baadaye wanaoshiriki kazi ya pamoja huhamia meza kubwa kulinganisha vipande na kugawana uzi. Kuna siku za kupanga nyuzi kwa namba tu, ambazo hazipendwi ila zinatuokoa baadaye. Kuna pia siku ya viporo: unaleta ile kazi iliyolala kabatini miaka, unakaa nayo katikati ya watu ambao hawatakuruhusu kuanza nyingine.

Wanaume wanakaribishwa?

Ndiyo. Katika Uingereza ya karne ya 13 na 14, mavazi ya kanisa yaliyodariziwa kwa hariri na nyuzi za dhahabu, ambayo yalisifika Ulaya nzima, yalitengenezwa na mafundi wa kulipwa, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo hakuna jipya.

Naweza kuja na mtoto?

Kama yuko chini ya uangalizi wako, ndiyo. Tutampa sindano butu yenye tundu kubwa na kitambaa chenye matundu yanayoonekana. Asipewe mkasi na kuachwa.

Macho yangu yamechoka, na uzi hauingii tunduni.

Karibu sana, wako wengi. Kwanza, uzi usiulambe. Kata ncha upya kwa mkasi mkali, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ionekane kidogo sana, kisha leta tundu la sindano kwenye uzi badala ya kuupeleka uzi kwenye tundu. Ikishindikana, kuna kile kiwaya chembamba cha kuvutia uzi, tunavyo kadhaa. Mwanga wa taa utoke upande usio wa mkono unaodarizia ili kivuli kisiangukie kazi. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ni kazi ya mchana, usishindane nayo usiku.

Natumia mkono wa kushoto. Mtanifundisha?

Ndiyo. Keti mkabala na anayekufundisha, si ubavuni mwake, uige unachokiona kama kwenye kioo. Katika mshono wa shina jambo moja tu ni la lazima: ukianza na uzi ukilala upande mmoja wa mstari, ulale upande huo mpaka mwisho. Ukibadilisha katikati, mstari unaonekana umevunjika hata kama kila mshono ni mzuri.

Lazima nishiriki kazi ya pamoja?

Hapana. Wapo wanaokuja kwa kazi zao binafsi tu, na hakuna anayewauliza.

KAZI ZA PAMOJA

Kazi ya pamoja ni ipi hasa?

Ni kazi moja inayopita mikono mingi. Ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kitambaa cha kutundika ukutani kinachoundwa kwa vipande: kila mtu anadarizi chake, kisha vyote vinaunganishwa. Nyingine ni kitambaa kinachozunguka, ambacho kina swali lake hapa chini. Kuna kazi za kutoa, zinazokwenda hospitali na kwenye nyumba za wazee. Na kuna kitambaa kinachofungwa kwenye fremu kubwa ya kusimama, watu watatu wanne wakakidarizi kwa wakati mmoja. Huu mtindo wa mwisho ndio unaofurahisha kuliko yote, na ndio unaozua ugomvi kuliko yote, kwa sababu viwiko vinagongana.

Wazo linatoka wapi, na nani anaamua?

Mwenye wazo analeta mchoro mdogo kwenye karatasi, vipimo, na jibu la swali moja: kazi hii ikiisha itakaa wapi? Mawazo mengi mazuri hufia hapo. Kitambaa cha mita 4 ambacho hakuna ukuta unaokisubiri kitaishia kukunjwa ndani ya mfuko, na walioshona watauliza walichoka kwa nini.

Tunapenda mchoro unaogawanyika katika vipande vya ugumu tofauti. Mti, kwa mfano: shina ni la aliyeanza juzi, majani ni ya kila mtu, ndege mwenye manyoya ya rangi saba zinazoingiliana ni wa yule anayelalamika kwamba kazi zetu ni rahisi mno.

Kwa nini mnagawa kitambaa na uzi? Mimi nina vyangu vizuri tu.

Hatuna shaka navyo. Tatizo ni kwamba vitambaa viwili vyeupe vikiwekwa pamoja, kimoja hugeuka kuwa cha kijivu au cha manjano. Pia havisinyai sawa. Cha kitani na cha pamba vikiunganishwa bila kufuliwa kwanza, siku ya kwanza ya maji kimoja kitamvuta mwenzake na maungio yatakunjamana, na hapo hakuna pasi itakayosaidia. Ndiyo maana kitambaa chote cha kazi moja kinanunuliwa pamoja, kinafuliwa, kinapigwa pasi, ndipo kinakatwa. Kila kipande kina mshale mdogo wa penseli pembeni unaoonyesha mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, unakwenda upande gani. Tafadhali fuata mshale huo. Kitambaa hakivutiki sawa kwenye mtande na kwenye mshindio (nyuzi za upana), na kipande kilichogeuzwa hujulikana mara tu kazi inapotundikwa.

Uzi ni vivyo hivyo. Uzi wa kudarizi wa pamba unaotumika zaidi huja ukiwa na nyuzi sita nyembamba zilizoshikana, na kila rangi ina namba yake. Namba hiyo inasaidia sana lakini si kinga kamili: uzi uliotiwa rangi mara mbili tofauti unaweza kuachana kidogo, na tofauti usiyoiona dukani inajitokeza kwenye anga la bluu lenye upana wa meza. Kwa maeneo makubwa ya rangi moja tunanunua uzi wote mara moja, na akiba kidogo.

Kwa hiyo ukipokea bahasha ya kipande chako, utakuta kitambaa, uzi, sindano, na karatasi inayosema nyuzi ngapi zitumike wapi. Karatasi hiyo isome. Mtu mmoja akidarizi mistari kwa nyuzi mbili na jirani yake kwa nne, michoro yao haitaonekana ya familia moja hata kama wote ni mafundi.

Mbona kipande kina ukingo mtupu mpana hivyo? Si kupoteza kitambaa?

Ukingo wa sentimita 5 kila upande una kazi tatu. Fremu inahitaji pa kushika, maungio yanahitaji pa kukaa, na pembeni kitambaa kitafumuka tu, hivyo ni bora kifumuke mahali pasipo na kazi. Kizungushie pindo kwa mkono kabla hujaanza. Mpaka wa eneo la kudarizi tumeuweka kwa bandi ya uzi wa rangi kali, usiutoe mpaka vipande viwe vimeungwa.

Naogopa mkono wangu hautalingana na wa wengine.

Hautalingana. Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na wengi wanaoliuliza wanataka tuwaambie kwamba hakuna atakayeona. Ataona.

Angalia kazi za pamoja zinazojulikana duniani. Ile ya Bayeux, mji wa Ufaransa, iliyodariziwa katika karne ya 11 kusimulia jinsi Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa walivyoiteka Uingereza mwaka 1066, ina urefu wa karibu mita 70. Ni sufu juu ya kitani, vipande tisa vya kitani vilivyounganishwa. Katika maungio ya kwanza, mistari ya mpaka wa juu haikukutana: upande mmoja umekuja juu kidogo, mwingine chini. Maungio yanayofuata yamefichwa vizuri zaidi, maana walijifunza njiani. Kosa la kwanza hawakulifumua, na karibu miaka 1,000 baadaye bado watu hupanga foleni kuitazama.

Afrika Kusini, katika mji mdogo wa Hamburg jimboni Eastern Cape, wanawake wa mradi wa Keiskamma ulioanzishwa mwaka 2000 walidarizi historia ya eneo lao kwenye kitambaa cha mita 120, kwa kuiga mtindo wa Bayeux. Kilitundikwa bungeni Cape Town. Uskoti nako kuna kazi iliyokamilika mwaka 2013, yenye paneli 160 na mikono ya watu zaidi ya 1,000. Na kuna gauni jekundu la hariri la msanii Mwingereza Kirstie Macleod, lililozunguka kati ya mwaka 2009 na 2023 na kudariziwa na watu 380 wa nchi 51. Baadhi yao walikuwa mafundi wa siku nyingi, wengine ndiyo walikuwa wanaanza. Hakuna aliyejaribu kuwafanya wote waonekane mtu mmoja.

Tulichojifunza kwa kuzitazama kazi hizi, na zetu wenyewe, ni kwamba jicho haliudhiki na tofauti ya mkono. Linaudhika na tofauti ya kitambaa, ya unene wa uzi na ya ukubwa wa mchoro. Ndiyo maana kwenye hivyo vitatu sisi ni wakali hadi watu wanatusema, na kwenye mishono yenyewe hatukugusi. Jani la mshono wa kujaza likikaa karibu na jani la mnyororo, kazi inachangamka.

Basi kipande cha mwenzangu kina kasoro. Naweza kukifumua kidogo na kukirekebisha?

Hapana. Hii ndiyo kanuni pekee ya kikundi isiyo na mjadala: hakuna anayefumua kazi ya mwingine bila mwenyewe kukubali, hata mshono mmoja, hata kwa nia njema, hata kama wewe ndiye mwalimu wake. Mtu anaijua mishono yake. Akikuta ua lake limekuwa zuri ghafla hatakushukuru. Ataacha kuja, na wewe hutajua kwa nini.

Kasoro inayoweza kuharibu kazi yote, kama fundo linalolegea au uzi unaochuja rangi, mwambie msimamizi wa kazi hiyo, naye atazungumza na mwenyewe pembeni.

Kitambaa kinachozunguka kinaendaje?

Kila mshiriki anaandaa kitambaa chake kilichogawanywa vyumba kwa mistari ya bandi, chumba kimoja kwa kila mtu. Anakiweka kwenye mfuko pamoja na daftari dogo: maudhui anayotaka (bahari, ndege, herufi, chochote), rangi anazozipenda, na asizotaka kuziona. Anadarizi chumba kimoja, anampa anayefuata. Baada ya muda tuliokubaliana, mifuko yote inasonga hatua moja. Chako hukioni tena mpaka kimalize mzunguko.

Ukweli usemwe: si kila mtu anafaa kwa mtindo huu. Kama kitambaa chako kikirudi na pweza wa zambarau kwenye bustani yako ya mawaridi, na hilo litakunyima usingizi, usiingie. Kama utacheka, utakuwa na kitu ambacho peke yako usingekifikiria. Andika maelezo ya kutosha daftarini lakini usiandike amri. Aliyeandika kurasa tatu za masharti alipata kitambaa cha woga, vyumba vyote vikiwa na ua moja dogo katikati.

Udarizi ndani ya chumba chako tu. Usivuke bandi.

Nimekwama. Kipande changu hakitaisha kwa wakati.

Sema mapema. Watu huumwa, husafiri, hufiwa, huajiriwa. Tunachoweza kufanya ni kumpa mtu mwingine akamilishe, na katika hali hiyo majina yote mawili yataandikwa nyuma. Tusichoweza ni kuunganisha kazi ambayo kipande chake kimoja kiko ndani ya droo ya mtu asiyejibu simu.

Nani anaunganisha vipande?

Watu wawili au watatu tu, na cherehani inaruhusiwa hapo. Kabla ya chochote vipande vyote vinalazwa sakafuni, tunapanda juu ya kiti na kuvitazama kwa mbali. Mara nyingi mpangilio wa awali unabadilika: vipande viwili vya rangi nzito vimekaribiana mno, au nyuso zote zinatazama nje ya kitambaa. Halafu vinabanwa kwa pini, vinapigwa bandi, ndipo vinashonwa. Anayeona hatua ya bandi ni ya kupoteza muda hajawahi kufumua mshono wa cherehani uliopita juu ya hariri.

Naweza kudarizi jina langu?

Nyuma, ndiyo, na tunakuomba ufanye hivyo: jina au herufi zako za kwanza, na mwaka. Mbele, hapana, isipokuwa mchoro wenyewe una nafasi hiyo. Lakini tunajua fika kwamba ndani ya mawimbi na matawi ya kazi zetu kuna herufi zilizofichwa, na hatuzitafuti.

Kazi ikiisha ni ya nani? Inaweza kuuzwa?

Hili linaamuliwa kabla sindano ya kwanza haijaingia, na linaandikwa. Baada ya kazi kuwa nzuri kila mtu ana maoni. Kwa kawaida kazi ya pamoja ni mali ya kikundi, na ikitolewa zawadi au kuuzwa kwa mchango fulani, walioshona wameshakubali tangu mwanzo. Kitambaa kinachozunguka ni cha aliyekianzisha.

Nataka kudarizi kwa ajili ya hospitali. Nianze na nini?

Anza kwa kuuliza wanaopokea. Ni rahisi kuruka hatua hii kwa sababu moyo umeshawaka, na matokeo yake ni boksi la vitu vizuri ambavyo wodi haiwezi kuvitumia. Wana vipimo vyao, aina ya kitambaa wanachoruhusu, na joto la maji wanayofulia, ambalo si lile la beseni lako.

Kwa blanketi na nguo za watoto wachanga sisi tuna masharti yetu juu ya hayo. Upande wa nyuma wa kazi lazima ufunikwe kwa kitambaa cha pili, kwa sababu uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jingine huacha kitanzi nyuma, na kidole cha mtoto huingia humo. Hakuna shanga, hakuna vifungo, hakuna uzi wa metali. Mishono iwe bapa.

Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau mambo ni kinyume kabisa. Hupenda vifuko vya kuingiza mikono vyenye vitu vya kugusa na kuchezea: tepe, mishono minene, mafundo, vifungo vikubwa. Hapo kila kifungo kinashonwa kama kitavutwa kutwa nzima, maana kitavutwa.

Nimepata mchoro mzuri intaneti. Tuutumie?

Kama mwenyewe ameruhusu, ndiyo. Kuwa bure kuutazama hakumaanishi ni bure kuuchukua. Mchoro ulionunuliwa na mtu mmoja haunakiliwi kwa kikundi kizima, na kwa kazi itakayouzwa ruhusa huwa ni nyingine kabisa. Tuna wachoraji miongoni mwetu, na mtoto wa darasa la tatu anachora kuku bora kuliko wengi wetu. Tumia hao.

UFUNDI: MASWALI YANAYORUDI KILA MARA

Nyuzi sita nazitenganishaje bila kuzifunga mafundo?

Kata urefu wa takriban sentimita 45, kutoka ncha za vidole hadi kiwiko na kidogo zaidi. Shika ncha ya juu kwa vidole viwili, chagua uzi mmoja tu, uvute moja kwa moja kuelekea juu. Nyingine tano zitajikusanya chini ya vidole kama kiwavi, na utadhani umeharibu. Usiachie. Uzi ukishatoka wote, zile tano zinajinyoosha zenyewe. Rudia kwa wa pili. Ukitaka nyuzi mbili, zitoe mojamoja kisha uzilaze pamoja, usizivute mbili kwa pamoja. Mshono wa kujaza unang'aa zaidi nyuzi zikiwa zimetenganishwa kwanza, hata kama unazirudisha zote sita.

Uzi unajisokota wenyewe.

Kila mara unapopitisha sindano unaizungusha kidogo bila kujua. Geuza kazi juu chini, acha sindano ining'inie, itajizungusha mpaka itulie. Kama uzi umeanza kuota manyoya, ni mzee au ni mrefu mno. Kata mwingine. Wa metali usizidi sentimita 30.

Kwa nini mnakataza fundo la kuanzia?

Fundo huonekana kama kipele upande wa juu kazi ikipigwa pasi au ikifungwa kwenye fremu, na kwenye kitambaa chepesi huchomoka likatoka mbele. Acha mkia nyuma, uushike kwa kidole, ufunike kwa mishono yako ya kwanza. Ukimaliza, pitisha sindano chini ya mishono minne mitano upande wa nyuma, kisha ukate karibu.

Kitambaa kimekunjamana katikati.

Umevuta mno, au fremu ilikuwa legevu. Kitambaa kiwe kimekazwa hadi ukikigonga kwa kidole kitoe mlio, na uzi uishie pale unapogusa kitambaa tu. Fremu itolewe kila unapomaliza kwa siku hiyo. Ikikaa wiki nzima, duara lake litabaki.

Nichore kwa kalamu gani?

Kwenye kazi za pamoja, penseli laini au kalamu inayotoka kwa maji baridi. Hii ya maji usiipigie pasi kabla hujaisuuza, joto linaweza kuufanya wino ung'ang'anie. Zile kalamu zinazofutika kwa pasi tumezipiga marufuku: mistari hupotea kweli, lakini kazi ikipata baridi kali inaweza kurudi.

Nifue kabla ya kurudisha?

Kwa kipande cha pamoja, hapana, tutafua sisi. Kwa kazi yako: maji baridi, sabuni laini, usikamue, kunjia ndani ya taulo ubonyeze. Ilaze upande wa juu ukitazama chini kwenye taulo nene ndipo uipige pasi mgongoni, ili mishono isibondeke.

Nyekundu na bluu iliyokolea zijaribu kabla: bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya uzi, uone kama kinapokea rangi. Ikitokea imechuja kwenye maji, kosa kubwa ni kuianika na kusema utaishughulikia kesho. Isiachwe ikauke. Endelea kuisuuza kwa maji baridi, ukibadilisha, mpaka maji yawe meupe, hata kama ni usiku.

Kazi kubwa zinahifadhiwaje?

Zinaviringishwa kwenye bomba pana, upande wa juu ukitazama nje, na karatasi laini isiyo na asidi katikati. Kukunja huvunja nyuzi kwenye mkunjo. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, hivyo tunatumia foronya ya pamba. Iliyotundikwa ikae mbali na dirisha, kwa kuwa jua huanza na rangi ulizozipenda zaidi. Na kwenye fremu ya kioo kazi isigandishwe kwa gundi, inyooshwe kwa uzi nyuma ya ubao.

Vipande na nyuzi zinazobaki zinaenda wapi?

Nyuzi ndefu hurudi kwenye boksi kwa namba zake, na kuna mtu anayelilinda boksi hilo, mtamfahamu haraka. Vitambaa vidogo ni vya mazoezi ya wageni. Nyuzi fupi zisizofaa kitu tunajazia mito ya kuchomekea sindano.